Barua ya wazi kwa Wizara ya Afya, Wizara ya Mifugo na wakuu wa vyuo vyetu: tupeni chumba cha panya wa utafiti, vijana wanapoteza miguu

Waheshimiwa mawaziri, makatibu wakuu, wakuu wa vyuo vya tiba na wa SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo), na nyie wa COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) na NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu), shikamooni.

Mimi ni daktari wa mifugo. Siku zangu zinaishia kwa ng'ombe, mbuzi, kuku na mbwa wa watu, sijawahi kumpasua binadamu na sina mpango huo, ila nimekaa miezi saba kama ndugu wa mgonjwa kwenye wodi ya upasuaji na niliyoyaona pale yamenikosesha usingizi, kwasababu nilikuwa naangalia tatizo la binadamu na kila saa moyo unaniambia hili jambo nusu yake ni la kwetu sisi watu wa wanyama, na hakuna aliyewahi kutuita.

Mdogo wangu alikuwa bodaboda. Aligongwa usiku, gari halikusimama, mguu wa kushoto ukavunjika ugoko na mfupa ukatoka nje, chini kabisa karibu na kifundo. Hospitali ya kwanza wakamsafisha, wakamfunga, tukasubiri rufaa, tukasubiri gari, tukasubiri kitanda, siku ya sita ndo akafika panapoweza kumsaidia. Sitaji hospitali wala mtu, wengi wao walihangaika naye kama mtoto wao na Mungu awalipe.

Sasa pale chini ya mguu hakuna nyama. Jishike ugoko sasa hivi unaposoma, utaona mfupa uko hapo hapo chini ya ngozi. Kidonda kikiwa juu karibu na goti daktari anageuza msuli wa shavu la mguu anafunika, kikiwa katikati kuna msuli mwingine wa ndani unafika, ila theluthi ya chini hakuna cha kuvuta. Na mfupa uliobaki mtupu huwezi kuubandika ngozi tu ukaondoka. Nawaelezea kama nilivyomuelezea mama: kupandikiza ngozi ya kawaida, ile wanayoita grafti, ni kama kupanda matembele, unakata unachomeka, udongo ukiwa mzuri yanashika, lakini juu ya jiwe hayashiki hata uyamwagilie vipi. Kwenye mfupa mtupu inatakiwa flapu, yaani kipande cha ngozi na nyama kinachohamishwa kikiwa na mshipa wake wa damu, kama mtu anayehamisha mche na bonge lake la udongo. Kikifika salama mfupa unafunikwa, dawa inafika, mfupa unaunga. Mshipa ukijikunja au ukiziba, kile kipande kinafia pale pale juu ya mguu na mgonjwa anakiangalia.

Mdogo wangu walimkatia flapu ya nyuma ya shavu la mguu wakaishusha chini. Daktari alifanya kazi nzuri, nasema hili kama mtu anayejua kushika kisu, mshono ulikuwa safi. Sista mmoja wa zamu ya usiku, mama wa makamo, ndo alinifundisha kuiangalia. Unabonyeza kwa kidole taratibu, unaachia, unahesabu. Rangi ikirudi baada ya kama sekunde mbili hivi uko salama, ikichelewa na ngozi ikiwa ya baridi ujue damu haifiki, ikirudi haraka kama inakufukuza kidole na nyama imevimba ujue damu inaingia ila haitoki. Afu akaniambia kitu ambacho sijakisahau. "Mwanangu, hizi rangi ziliandikwa kwa ajili ya watu weupe, kwa ngozi yetu hii tumia mgongo wa mkono na sindano." Akachoma kidogo kwenye ncha ya flapu, tone likatoka. Usiku wa kwanza lilikuwa jekundu la kung'aa. Usiku wa pili likatoka jeusi, na halikuwa tone, lilitiririka.

Akampigia daktari, daktari akaja, wakafungua nyuzi, wakainua mguu, wakakesha naye. Asubuhi ncha ya flapu ilikuwa na rangi ya bilinganya. Sista akachukua mfuko wa dripu uliokwisha, akaukata, akaufuta kwa spiriti, akaulaza juu ya flapu na kuchora kwa biro mpaka wa sehemu iliyokufa, akaandika tarehe. Kesho yake akaulaza tena akachora tena. Siku tano mistari mitano, kila mmoja umeingia ndani kuliko wa jana yake. Mwisho ikafa theluthi, na tabu ya flapu ndo hiyo, inayokufa ni ncha, sehemu iliyo mbali na mshipa, na ncha ndo ile ile uliyoihitaji kufunika mfupa. Mbili ya tatu ilikuwa hai lakini haikuwa na maana yoyote tena. Usaha ukaingia kwenye mfupa, mwezi wa pili, wa tatu, wa tano, kusafishwa kila wiki, na mwezi wa saba yeye mwenyewe akasema "dada waukate tu nikatafute maisha". Wakakata chini ya goti. Ana miaka 24.

Naomba mnivumilie, sikuja kuwaliza. Nimeeleza ili muone ni kitu cha aina gani kinachokufa na kinakufaje, kwasababu kuanzia hapa naongelea panya.

Siku moja nilimuuliza yule daktari, hivi hakuna dawa ya kuizuia hii ncha isife? Akaniambia zipo nyingi sana zimejaribiwa kwa panya huko nje na nyingine zimefanya kazi kwa panya, ila kwa mtu hakuna hata moja anayoweza kunipa pale wodini kwa uhakika, na kwa hali ya wagonjwa wetu, wanaokuja na kidonda cha siku sita kimeshaoza, hajawahi kuona hata mtu mmoja aliyejaribu. Nikarudi nyumbani nikaanza kusoma. Nimesoma mwaka mzima, usiku baada ya kazi, na nilichogundua ni kwamba karibu kila kitu anachokijua daktari wa flapu leo kuna mnyama alikilipia.

Chukueni nguruwe. Kwa miaka na miaka madaktari duniani waliamini flapu ikiwa pana ndo inaweza kuwa ndefu, kulikuwa na hesabu kabisa ya urefu kwa upana, ukizidisha inakufa. Mwaka 1970 Milton kule Uingereza akachapisha kazi yake ya nguruwe. Alikata flapu za upana tofauti kwenye ngozi yenye damu ile ile, na zikaishi urefu ule ule. Upana haukusaidia chochote. Kinachoamua ni mshipa gani umeingia ndani ya kile kipande. Miaka mingi ya imani ya madaktari wakubwa ikaanguka kwa sababu ya ngozi ya nguruwe, na baada ya hapo watu wakaanza kutafuta mishipa badala ya kupima kwa rula, ndo maana leo daktari anaweza kukata kipande chembamba kirefu juu ya mshipa mmoja na kikaishi.

Au sungura. Harry Buncke, Mmarekani, miaka ya 1960 alikuwa anafanya majaribio kwenye gereji ya nyumbani kwake California, anakata sikio la sungura na kulirudisha kwa kuunga mishipa ya milimita moja hivi. Alishindwa mara nyingi sana kabla sikio moja halijaishi. Mwaka 1966 kazi hiyo ya sungura ikachapishwa, na kwa nyani akaweza kuhamisha kidole cha mguu kukifanya gumba la mkono. Mwaka 1968 daktari John Cobbett kule East Grinstead, Uingereza, akamfanyia mtu kitu hicho hicho, na mwaka 1973 Daniel na Taylor wa Melbourne wakatangaza kwamba wamechukua flapu ya kinenani, wameikata moja kwa moja kutoka mwilini na kuiunga kwenye mishipa ya mguu. Mguu ulioumia, waheshimiwa! Kijana mwenye mguu uliovunjika chini, kama wa kwetu. Miaka saba tu kutoka sikio la sungura mpaka mguu wa mtu.

Na hiyo East Grinstead sio mbali na sisi kama mnavyodhani. Ndo hospitali ya Archibald McIndoe, aliyetengeneza upya nyuso za marubani walioungua kwenye Vita vya Pili, na yeye na Michael Wood na Tom Rees, wote watatu wapasuaji wa aina hii hii ya kurekebisha mwili, ndo waliokuja na wazo la madaktari wa kuruka na ndege wakiwa chini ya Kilimanjaro hapa hapa kwetu, na mwaka 1957 likazaliwa shirika ambalo leo linaitwa Amref. Kwahiyo mtu asije kuniambia upasuaji huu ni anasa za wazungu, una miaka zaidi ya sitini unarukaruka juu ya vichwa vyetu. Kilichokosekana ni maabara yake kushuka chini.

Sasa panya. Mwaka 1965 McFarlane na wenzake kule Kanada walitengeneza njia rahisi mpaka leo inatumika dunia nzima. Panya analazwa kwa dawa ya usingizi, ananyolewa mgongo, unakata ngozi pande tatu, sentimita 10 kwa 4, upande wa nne unaachwa umeshikana na mwili. Unainua, unarudisha chini, unashona. Ncha itakufa, inajulikana itakufa, swali ni kiasi gani. Siku ya saba unalaza plastiki ya kuonyesha juu ya mgongo wa panya, unachora mpaka wa sehemu iliyokufa na iliyo hai, unapima eneo. Kundi moja limepata dawa, kundi jingine halijapata, unalinganisha. Niliposoma hapo kwenye plastiki niliinuka kwenye kiti. Ni kitu kile kile alichokuwa anafanya sista kwa mfuko wa dripu na biro, bila kusoma popote, saa kumi na moja alfajiri. Yule mama alikuwa anafanya utafiti juu ya mguu wa mdogo wangu kwasababu hakuna aliyewahi kuufanya juu ya panya kwa niaba yake.

Lakini nataka niwe mkweli hapa kwasababu najua mkisikia panya kuna watu watakuja mbio na maandiko ya kuomba hela na kuahidi muujiza. Panya sio mtu. Ngozi yake imelegea, ukimshika inavutika, chini yake kuna utando wa msuli ambao sisi mgongoni hatuna, na kidonda chake kinajivuta kufunga chenyewe haraka kuliko cha kwetu. Ngozi ya nguruwe ndo imeshikana na nyama ya chini kama ya binadamu. Kuna mtego mwingine ambao mtu asiyemjua mnyama anauingia wazi wazi: ile flapu ikirudishwa juu ya mgongo bila kuwekewa plastiki nyembamba chini yake, ngozi inaanza kunyonya chakula kutoka kwenye nyama iliyo chini, inajigeuza grafti yenyewe, unakuja kusema dawa yako imefanya kazi kumbe flapu ilikuwa imeshajipandikiza zamani. Na panya wakikaa pamoja watatafuna mshono, wake au wa mwenzake, unapima "sehemu iliyokufa" kumbe imeliwa. Aliyepima akiwa anajua yupi amepata dawa, mkono wake utamsaidia bila yeye kujua. Hivi vyote ni vitu vya sisi watu wa mifugo, tunajua kumfuga, kumlaza, kumtuliza maumivu, kujua kwamba huyu anaumwa kabla hajaonyesha. Dawa nyingi zimefaulu kwa panya zikaishia hapo hapo, na naamini sehemu ya sababu ni majaribio yaliyofanywa haraka haraka na watu ambao panya kwao ni kama karatasi.

Kitu ambacho kimeonekana tena na tena kufanya kazi, kwa wanyama wengi na kwa watu pia, ni cha zamani kuliko vyote na hakina kiwanda nyuma yake. Unakata flapu nusu, unaiacha mahali pake wiki moja au mbili, ile ngozi inahisi njaa ya damu na mishipa iliyobaki inapanuka, afu ndo unaihamisha. Tagliacozzi wa Italia alishaandika mwaka 1597 jinsi ya kutengeneza pua kwa ngozi ya mkono kwa hatua hatua namna hiyo. Ni bure, inahitaji kisu, uzi na siku. Lakini siku ndo tatizo letu, ukimsubirisha mgonjwa mwenye mfupa uliokaa wazi unampa mdudu muda wa kuingia. Marko Godina wa Ljubljana alitoa hesabu yake mwaka 1986 kwa wagonjwa 532 aliowahamishia flapu za kuunga mishipa: waliofunikwa ndani ya saa 72 flapu zilizokufa hazikufika hata asilimia 1, waliofunikwa baada ya hapo mpaka miezi mitatu ikapanda mpaka asilimia 12. Mdogo wangu alifika siku ya sita. Wenzake wa wodini wengine walifika wiki ya tatu. Kwahiyo swali letu sisi, ambalo mtu wa Boston au Tokyo hana haja nalo kwasababu ambulensi yake inafika dakika chache, ni hili: kwenye kidonda cha siku sita, kilichoshaingia uchafu, unaweza kuisubirisha flapu siku ngapi ili ipate nguvu kabla mdudu hajakuwahi? Siku tatu? Tano? Kumi? Hilo ni jaribio la panya. Halihitaji mashine ya kutoka nje wala dawa ya bei mbaya. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na hawa kunguni ni wa kwetu.

Na kuna mengine kama hilo. Kile kimashine cha kupimia sukari ambacho kiko karibu kila wodi, kuna madaktari wameshaonyesha kwamba ukichoma flapu na kupima tone lake, sukari ikiwa inashuka ndani ya flapu wakati ya kidoleni iko sawa, ni dalili kwamba mshipa wa kurudisha damu umeziba. Fikirieni! Sista wa usiku peke yake na wagonjwa arobaini, badala ya kubishana na rangi ambayo kwenye ngozi nyeusi haionekani, anapata namba. Namba anaweza kumsomea daktari kwenye simu na daktari akatoka kitandani. Sasa ikipimwa kwanza kwa mnyama, ukafunga mshipa makusudi na kuhesabu dakika, utajua namba ishuke kiasi gani ndo upige simu, na kila baada ya muda gani upime. Na nguruwe weusi wa kienyeji tunao, Nyanda za Juu Kusini wamejaa, ngozi nyeusi iliyoshikana na nyama kama ya kwetu. Sijaona kitu kinachofaa zaidi kwa swali la jinsi ya kuiona flapu inayokufa kwenye ngozi nyeusi. (Najua nguruwe kwa baadhi ya wenzetu ni mtihani wa imani, na hakuna wa kulazimishwa, kazi nyingi ni za panya na wanaotaka kufanya za nguruwe watakuwepo.)

Afu kuna sikoseli. Nchi yetu ni kati ya zile zenye watoto wengi wanaozaliwa nayo duniani, na flapu ni mahali ambapo damu inakwenda taratibu na hewa ni kidogo, yaani ndo mahali pale pale chembe za damu za sikoseli zinapojikunja. Swali la nani atalitafiti hilo kama sio sisi sihitaji kulijibu.

Na sigara. Mdogo wangu alikuwa mvutaji, na washikaji zake walikuwa wanamletea mbili tatu wodini kumtuliza, na mimi mwenyewe niliziona nikanyamaza kwasababu nilimuonea huruma. Nikotini inabana mishipa midogo, na kwa panya imeshaonyeshwa kwamba waliovutishwa moshi flapu zao zinakufa zaidi. Hilo lilijulikana toka miaka ya 1980. Hakuna aliyetuambia. Panya walishalipa gharama ya jibu na jibu halikufika kwenye kitanda chetu, na mimi ni daktari wa wanyama, nilitakiwa nilijue.

Waheshimiwa, ninachoomba ni kidogo. Chumba kimoja. Chumba chenye joto linalodhibitiwa, vizimba, hadubini ya upasuaji moja, dawa za usingizi na za maumivu, na watu wawili wa kudumu, mmoja wa mifugo na mmoja wa upasuaji, wanaolipwa mshahara wa kazi hiyo na sio kujitolea. Morogoro panafaa kuliko popote kwasababu SUA wapo na kwasababu Morogoro tayari dunia inaijua kwa panya. Wale panya buku wa shirika la APOPO wanaofundishwa pale wananusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu, mmoja wao, Magawa, alizaliwa pale akapelekwa Kambodia na mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu Uingereza. Nchi hii imeshaonyesha kwamba mnyama ambaye mitaani tunamkimbiza na fagio anaweza kuheshimiwa, kulishwa vizuri na kuokoa miguu ya watu. Miguu ya watu wa Kambodia imeokolewa na panya wa Morogoro. Naomba ya vijana wa bodaboda nayo.

Chumba hicho hicho kitafundisha. Daktari anayetaka kujifunza kuunga mshipa wa milimita moja hawezi kujifunzia kwa mgonjwa. Aanze na paja la kuku la sokoni, kuna mshipa mzuri tu ndani yake na kuku ameshachinjwa kwa ajili ya mboga, hakuna mnyama aliyeongezewa maumivu, akishaweza hapo ndo ahamie kwa panya aliyelala. COSECSA, chuo cha wapasuaji wa ukanda wetu, makao yao yako Arusha na wanafundisha mpaka wapasuaji wa aina hii, wanafunzi wao wangeshuka Morogoro wiki mbili mbili.

Kuhusu wanyama wenyewe nataka nisikike vizuri, kwasababu nimekula kiapo cha kuwalinda. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 tunayo, na toka mwaka 1959 Russell na Burch walishaweka mambo matatu ambayo mtu yeyote wa maabara anatakiwa ayajibu kabla hajagusa kizimba: je kuna njia bila mnyama, je unaweza kutumia wachache zaidi, je umepunguza maumivu mpaka mwisho. Nataka kamati itakayoyauliza hayo kwa sauti, yenye mtu wa mifugo mwenye uwezo wa kusimamisha jaribio siku hiyo hiyo, na yenye mtu wa kawaida tu wa mtaani ndani yake. Panya asilale bila dawa ya maumivu eti kwasababu ni panya. Jaribio lisirudiwe kwa ajili ya mtu kupata shahada wakati jibu lipo. Nimeshawalaza wanyama wengi moja kwa moja kwenye kazi yangu, mbwa wa kichaa, ng'ombe waliovunjika mgongo, na sijawahi kuzoea, na sitaki kufanya kazi na mtu aliyezoea. Lakini nikiweka panya mmoja aliyelala bila maumivu upande huu na mguu wa mtu upande ule, najua nitachagua nini, na nitachagua nikiwa namuangalia huyo panya.

Na kabla hata ya chumba kuna kitu kinaweza kuanza Jumatatu. Daftari. Kila hospitali inayokata flapu iandike: mgonjwa alifika siku ya ngapi, flapu gani, anavuta au havuti, ana sikoseli au hana, ncha ilikufa au haikufa na kwa kiasi gani. Mimi kwa ng'ombe naandika kila chanjo, kila ndama aliyekufa, nikiulizwa na wizara najibu. Flapu ngapi zimekufa mwaka jana nchini? Nimeuliza watu wengi na kila mmoja amenijibu kwa makadirio ya kichwani. Bila daftari hata hicho chumba kitajibu maswali ya kubahatisha.

Wapo watakaosema dawa za kawaida zenyewe hazitoshi, gozi tunanunua wenyewe nje ya geti, wewe unaleta habari za panya. Nawaelewa, gozi nimenunua sana. Ila miezi saba ya kitanda, dawa za sindano, kuingia chumba cha upasuaji mara tisa, mguu wa bandia, na kijana wa miaka 24 asiye na kazi, hiyo hesabu mtu akiifanya kwa mgonjwa mmoja tu ataona tunalipa hela ya maabara kila mwezi, tunailipa tu mahali pasipotupa jibu.

Niko tayari kuja popote mtakaponiita, kwa nauli yangu, na likizo yangu ya mwaka huu sijaichukua. Yule sista naye amesema atakuja akipewa ruhusa. Nitakuja na ile plastiki ya dripu, ninayo bado, imekunjwa kwenye bahasha ya picha za eksirei, mistari mitano ya biro na tarehe zake, mstari wa kwanza umefutika kidogo lakini mingine yote inasomeka.

Wenu,
Daktari wa mifugo, dada wa mgonjwa